Sikio Lililokataa Kufunguka

Kambare hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na jina hilo alilipata utotoni kwa sababu ya shimo la machimbo ya mawe nyuma ya mtaa wao. Wachimbaji walipoondoka, shimo lilijaa maji, na watoto waliokatazwa kulisogelea wakaligeuza bwawa lao. Yeye na dada yake mdogo walilijua kuliko wenzao wote. Ndiyo maana walipokua, mtu akizama humo, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wa Kambare.

Hakuwa na mtungi wa hewa. Alikuwa na miwani ya kuzamia, kamba iliyofungwa jiwe, na pumzi zake. Watu walidhani siri iko kwenye mapafu. Yeye alisema pumzi kila mtu anayo. Kinachomrudisha mtu juu ni masikio. Ukishuka kidogo tu, maji huanza kuyabinya kama vidole vinavyopenyezwa kichwani. Hapo unabana pua, unafumba mdomo, unasukuma hewa polepole mpaka masikio yafunguke, maumivu yaishe, ndipo ushuke tena. Ukichelewa yanajifunga kabisa, na kuyalazimisha ni kujitafutia balaa. "Sikio likikataa, rudi," alimfundisha dada yake walipokuwa wadogo. "Maji hayahami."

Siku yenyewe aliamka na mafua makali. Mkewe alimwekea chai, akamtazama akiinywa kama maji ya bomba.

"Baba watoto, hata harufu ya tangawizi huisikii."

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Alikuwa muuza nyama, jirani yao, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na sasa alinong'ona. Jana jioni mwanawe wa kwanza alikwenda shimoni na wenzake kuosha pikipiki. Aliteleza. Wenzake walirudi na pikipiki.

"Ndugu yangu," akasema, "nisaidie nimzike."

Kambare alijua kwamba aliyelala majini tangu jana hana tena haraka. Kusubiri pua ifunguke kusingemdhuru. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwake, lakini kumwambia baba mtu asubiri, jioni imkute bado amekaa juu ya jiwe pale ukingoni? Akayameza, akachukua kamba.

Ukingoni watu walikuwa wamejaa. Mama wa marehemu alikaa chini, amemwegemea dada yake Kambare, ambaye siku hizi alikuwa fundi cherehani na alikuwa amekuja kama jirani tu, tepu ya kupimia bado shingoni.

Kambare akazama. Hata hajafika mbali, masikio yakaanza kubinya. Akabana pua, akasukuma. Kimya, kama kupuliza chupa iliyozibwa. Akarudi juu, akapenga kamasi, akazama tena. La kulia likafunguka, la kushoto likagoma. Akarudi.

"Anarudi tena?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ila Kambare alilisikia swali hilo, na nyuma yake akasikia minong'ono, na akaona haya.

Mara ya tatu alijivuta kwa kamba kwenda chini kwa pupa. Maumivu yalipomchoma hakusimama. Alibana pua akasukuma kwa nguvu zake zote. Kitu kikapasuka ndani ya kichwa chake. Kwanza alihisi nafuu, kwa kuwa maumivu yalitoweka papo hapo. Kisha maji ya baridi yakaingia ndani ya sikio na shimo zima likaanza kuzunguka. Kamba ikamponyoka. Katika lile tope hakujua juu ni wapi na chini ni wapi, na mikono yake, iliyozoea kushika chuma cha moto bila kutetemeka, ilipapasa ovyo kama ya kipofu ugenini.

Kilichomwokoa ni kuachia hewa kidogo mdomoni. Mapovu yakamtambaa kidevuni, yakapita kifuani kuelekea miguuni. Basi alikuwa kichwa chini. Akajigeuza, akayafuata.

Walimvuta nje akitapika, damu ikimchuruzika shingoni. Alipojaribu kusimama, ardhi ilimtupa. Dada yake akapiga magoti mbele yake na kumvua miwani.

"Hapana," Kambare akasema. "Una miaka hujazama."

"Sikio likikataa, nifanye nini?"

Kambare akafuta damu shingoni. "Unarudi."

"Na watu wakisema?"

"Waache waseme."

Dada yake alizama na nguo zake. Alirudi juu mara nyingi kuliko kaka yake, akajishikilia kwenye kamba, akameza mate, akabana pua, akashuka tena. Watu walinung'unika, na yeye hakuwatazama. Jua lilikuwa limewapiga utosini kamba ilipotikiswa kwa nguvu, wanaume wakavuta. Muuza nyama alimfuta mwanawe tope usoni kwa kiganja, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

Hospitali walimwambia Kambare kwamba ngoma ya sikio imepasuka, na kwamba hata ikipona, kilichoumia ndani zaidi huenda kisirudi. Hakikurudi. Sikio la kushoto lilibaki na mlio mmoja tu, usiku na mchana. Kizunguzungu kikamtoa kwenye ngazi, na fundi asiyeweza kupanda ngazi hubaki kutengeneza meko na viti vya kukalia wengine.

Dada mtu naye hakusalimika. Mtaa ulimsifu, kisha ukamwogopa kwa kuwa alishika maiti. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cheupe kabla hakijakatwa. "Si mimi, mama mkwe ndiye anayesema," akajitetea, akiitazama mikono ya fundi. Wengine hawakuja hata kujitetea. Zikabaki sare za shule na kushona viraka.

Watu walipokuja kumgongea dada mlango kwa ajili ya mwingine aliyezama, Kambare alikuwa amefika kabla yao.

"Usiende," akamwambia. "Nilikuingiza mimi kwenye jambo hili."

"Uliniingiza ulipokuwa mzima au ulipokuwa unatapika?"

"Usinitanie. Wataondoa hata sare."

Dada alizima taa ya cherehani. "Kaka, yule mama wa mara ile kila siku hunisalimia kabla sijamwona. Ana kaburi la kwenda. Huyu wa leo naye ana mama."

Kambare hakusikia vizuri, kwa sababu dada alikuwa amekaa upande wa sikio lake bovu. Alisikia neno la mwisho tu. Akainuka, akashika ukuta mpaka chumba kilipotulia, kisha wakaongozana kwenda shimoni, yeye akibeba kamba.