Kiti cha Hakimu

Kinyozi huyu watu walimwita Hakimu, maana ugomvi wa ndoa zote za mtaa aliuamua yeye, mkasi mkononi. Ukikaa kwenye kiti chake, hata uropoke upuuzi wa mwaka mzima, alikusikiliza mpaka tamati. Ndiyo sheria ya duka lake: mwenye kichwa ndiye mwenye maneno.

Kwake sasa! Tangu mtoto azaliwe, Hakimu akifika mlangoni tu masikio yanaziba. Mkewe akisema, "Nishikie mtoto nioge," yeye, "Nimechoka, nimesimama kutwa." Kana kwamba mwenzake kutwa amelazwa kwenye godoro la manyoya. Mtoto akilia, mwanamume anajifunika gubigubi na kukoroma. Mkoromo wa uongo huo! Aliyelala kweli hakoromi kwa kupokezana na kilio cha mtoto.

Jumamosi moja duka limejaa, naye amefika nusu ya kichwa cha muuza mkaa, jitu la miraba minne, akimwasa: "Mwanamke mzazi ni yai, kaka. Mshike kwa mikono miwili." Pazia likafunguka. Akaingia mkewe, mtoto kiunoni, begi begani.

"Shemeji, inuka," akamwambia muuza mkaa.

"Lakini mimi bado nusu..."

"Nusu yako itangoja. Mimi nimengoja tangu nijifungue."

Jitu likainuka, likapakatishwa mtoto. Mwanamke akakaa kitini.

"Mke wangu, hapa ni kazini," Hakimu akanong'ona.

"Ndiyo maana nimekuja. Nyumbani huna masikio. Ninyoe. Basi la kwenda kwa mama linaondoka adhuhuri, na kichwa hiki sikipeleki."

Benchi zima likageuza shingo. Hakimu akamvua kitambaa cha kichwa. Nywele zimesokotana, ndani uji mkavu wa mtoto na nyuzi za blanketi. Vichwa vya mtaa mzima alivijua kovu kwa kovu. Hiki hakukumbuka alikigusa lini. Akaweka mashine chini, akachukua maji ya vuguvugu na chanuo.

"Mimba ulijisifu hapa kuwa tumeibeba sote wawili," mkewe akaanza. "Kulea nalea peke yangu. Nikisema kiuno kinauma, unaniambia mama yako alijifungua asubuhi, jioni akaenda kulima. Nimemuuliza. Jembe hajawahi kulishika."

Benchi likaangua kicheko. Hakimu akafungua kinywa.

"Sheria, Hakimu!" mzee mmoja akamkumbusha. "Mwenye kichwa ndiye mwenye maneno."

Akakifunga. Akachana, akasikiliza, kila fundo na neno lake. Mara maneno yakakatika katikati: mkewe amelala, mdomo wazi. Kule kona basi likapiga honi. Hakimu akasita, kisha akaweka kidole mdomoni, duka zima likabana pumzi.

"Na kichwa changu?" akanong'ona muuza mkaa, shati limelowa mikojo.

"Vaa kofia." Akampokea mtoto.

Mwanamke alipozinduka, benchi lilikuwa tupu.

"Basi?"

"Limeondoka."

"Ungeniamsha!"

"Ningekuamsha."

Akajipapasa kichwa. "Nilisema unyoe."

"Ulisema."

"Kesho lipo jingine."

"Lipo," akajibu Hakimu, asiongeze hata nukta.

Akafunga duka mchana kweupe. Mke mbele, mikono mitupu. Yeye nyuma, begi mkononi, mtoto mgongoni kafungwa vibaya, mguu mmoja unaning'inia nje. Muuza mkaa alipokuja na kofia yake kudai nusu iliyobaki, alikuta kufuli.