Sauti Niliyokataa Kuikata

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Ninyi mnaotengeneza muziki kwa kompyuta mtashangaa, lakini wakati ule, kwenye redio yetu ndogo ya Uvira, sauti ilikaa juu ya utepe mwembamba wa kahawia, na aliyetaka kuondoa neno alilikata kwa mkono kama mshonaji anavyokata uzi. Shefu wa Ufundi, mkuu wangu wa kazi, mwanaume mrefu aliyevaa koti la bluu hata siku za joto kali, aliuweka wembe ule mezani, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Munamuke hajakaa kwa hii meza hata siku moja," akasema. "Lakini Directeur njo amekuleta. Kazi yako iko moja tu: ondoa kila kitu chenye haiko neno. Kikohozi, ondoa. Jogoo, ondoa. Muntu akivuta hewa, ondoa."

"Na kama ile jogoo iko muzuri?"

"Hakuna jogoo muzuri kwa redio, Furaha."

Sitamnyima haki yake: alijua kazi, na alinifundisha. Unazungusha magurudumu ya mashine polepole kwa vidole mpaka usikie mwanzo wa neno, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata kwa mshazari ili sikio lisijikwae, kisha unaunganisha kwa gundi. Alipenda kusema kwamba kila sauti ina kichwa na mkia. Kichwa ni pale inapogonga, mkia ni pale inapofia. Ukiikata ngoma kichwa, msikilizaji hajui tena kama alisikia ngoma au mlango. Leo mnajifunza jambo hilohilo mkitazama vilima vya sauti kwenye kioo. Sisi tulilijua kwa vidole.

Vipande nilivyokata, aliniamuru nivitupe. Sikuvitupa. Nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila mara Shefu alipokwenda kula niliunganisha kipande kichwa kwa mkia, kikawa duara, nikakiacha kizunguke kwenye mashine. Mzee wa Runingu aliyekohoa katikati ya maelezo ya mbegu za mahindi alikohoa mara mia bila kuchoka, na kufikia ile ya kumi hakikuwa kikohozi tena, kilikuwa mdundo. Nilicheza peke yangu chumbani mle.

Shefu akaingia. "Hii njo nini?"

"Kikohozi, Shefu."

"Si nilisema utupe?"

"Nimekitupa. Kimerudi."

Akazima mashine. Kesho yake nikaiwasha. Tuliishi hivyo kwa muda mrefu, yeye akizima, mimi nikiwasha.

Kompyuta ilipofika, alitumwa fundi mmoja wa kike kutoka Bujumbura kuja kutufundisha. Wanaume walijifunza kuandaa taarifa za habari. Mimi nilimvuta pembeni nikamchezea duara langu la kikohozi. Alicheka, kisha akaniambia kwamba kitu hicho kina jina: ni sampuli, kipande cha sauti ya dunia unachokichukua na kukipa kazi mpya. Ndiye aliyenionyesha kushusha kimo cha sauti mpaka mgongo wa bidoni tupu, dumu la maji, uwe ngoma nzito ya kutikisa kifua. Akanionyesha kuigeuza sauti nyuma mbele, ianze na mkia wake. Akanionyesha kuisaga iwe punje ndogo ndogo kama unga wa muhogo, kisha kuzimwaga upya mpaka sauti ya fagio iwe mvua.

Kuanzia hapo niliisikia Uvira upya. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokauka wakimwagwa juu ya turubai, hilo ni kayamba. Kinu cha sombe, majani ya muhogo, huko kwetu Kilibula, pale mchi unapotua, ni ngoma. Unapoinuka, kuna mnong'ono mdogo wa majani ambao hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kukuuzia. Shefu aliniambia niache uchafu ule na nitumie ngoma safi zilizokuja ndani ya kompyuta. Nilimjibu kwamba ngoma zile hazijawahi kunyeshewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniondoa redioni.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitaka mashamba ya mpunga ya Lubarika. Mkurugenzi, yule Directeur aliyenileta redioni, alinituma na kinasa sauti kwenda kuwasikia wakulima. Huko nilimkuta Mama Skolastika, mjane, mtu wa kanisa, anasema Kirundi nyumbani na Kiswahili akitaka asikike mbali. Miguu yake ilikuwa bado na matope. Nilipomuuliza maoni yake kuhusu kuhama, alivuta hewa kama mtu anayeinua jembe, akasema: "Hatukubali kuhama." Ile "ha" ilitoka tumboni. Sindano ya mashine yangu ilirukia upande mwekundu.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alituita ofisini, mimi na Shefu. Alikuwa mtu wa tai na manukato, msomi, mwenye sauti ya upole sana.

"Furaha, wakubwa wanaomba wimbo wa kuhamasisha watu," akasema. "Weye njo unajua mambo ya kukata na kurudisha. Kamata sauti ya ile mama. Ile 'ha' ya mwanzo, toa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nikitoa 'ha', itabaki 'tukubali kuhama'."

"Njo ile."

"Lakini alikataa, Bwana Directeur."

"Iko silabi moja tu."

"Iko hapana ya muntu."

Akatabasamu. "Furaha, weye uko mikono ya hii redio. Minye niko kichwa."

"Basi kateni na kile kichwa," nikasema, nikavua shingoni kaski yangu ya kusikilizia, nikaiweka juu ya meza yake. Akaniambia nikitoka mlango ule nisirudi. Nikatoka.

Kazi ile akapewa Shefu wa Ufundi, naye akaifanya. Aliikata vizuri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kufukuzwa. Nilipousikia wimbo ukitoka kwenye redio ya jirani, sikio langu lilitafuta mahali pa kujikwaa, halikupapata. Ngoma safi za ndani ya kompyuta, na juu yake sauti ya Mama Skolastika: "Tukubali kuhama, tukubali kuhama." Ungeapa kwamba alisema.

Haikupita juma, pikipiki ikasimama mbele ya lupango langu, ua wa nyumba yangu, Kilibula. Mama Skolastika akashuka na wenzake wawili. Nilikuwa nikitwanga sombe. Nilimletea kiti, hakukaa.

"Weye njo ulikuja na mikro," akasema.

"Njo minye, mama."

"Watu wa kwetu wananigeuzia mugongo. Nikienda kuchota maji, wananyamaza. Mutoto wangu mwenyewe ananiuliza kama nilipewa kitu." Akanisogelea. "Minye nilisema tukubali?"

"Hapana, mama. Ulisema hatukubali."

"Sasa ile 'ha' yangu iko wapi?"

Nilimwingiza ndani. Sauti yake ya asili ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, kwa maana sikuzoea kutupa kitu, nzima, kama alivyoitoa. Nikamvisha kaski, nikaiachia. Alisikiliza amefumba macho, kiganja juu ya kifua. Ilipoisha akasema, "Njo minye huyu." Kisha akafumbua macho. "Irudishe."

"Redio wamenifukuza, mama. Hawatanipa nafasi."

"Sijasema redio. Nimesema irudishe."

Basi nikaenda Lubarika na mikro yangu. Nilirekodi jembe likiingia matopeni na likichomoka. Nilirekodi maji yakifunguliwa mferejini, na miganda ya mpunga ikipigwa juu ya pipa, punje zikiruka. Wanawake wakasimama mmoja mmoja mbele yangu, kila mmoja akatoa "Ha!" yake, mwingine kwa hasira, mwingine akicheka, bibi mmoja asiye na meno akiitoa kama upepo. Pipa nililishusha kimo likawa ngoma kubwa. Jembe linalochomoka matopeni likawa kofi la mdundo. Maji niliyageuza nyuma mbele, yakawa yanavuta pumzi kabla ya kila kiitikio. Zile "Ha!" nilizipanga kwenye vibonye vya kompyuta, kila kibonye mama mmoja, nikazipiga kwa vidole kama mtu anayepiga ngoma ya ukoo. Sentensi ya Mama Skolastika sikuigusa. Niliiweka katikati, nzima.

Nikampelekea asikilize kwanza kabla mtu mwingine hajasikia. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso. "Hapa mwanzoni umenifanya kama mutoto. Shusha." Kweli, nilikuwa nimepandisha kimo kidogo. Nikashusha. Akasikiliza tena. "Sasa acha iende."

Ikaenda. Ilipita simu kwa simu, kadi kwa kadi, kwenye vibanda vya kuchaji betri, kwa vijana wa pikipiki, ikashuka mpaka Runingu na kupanda tena. Sikuweka jina langu. Walioisikia walijua ni sauti ya nani, na huko kisimani, Mama Skolastika akaniambia baadaye, watu walianza tena kumsalimu.

Kisha watu wa kampuni wakaja Lubarika kufanya mkutano, wameleta spika kubwa mbili juu ya gari. Nilikuwepo, nimesimama nyuma kati ya wanawake. Wakaweka wimbo wao. Ulipofika mahali pa kuimba, spika ikasema, "...tukubali kuhama," na kabla tu ya neno lile Mama Skolastika alikuwa ametupa "Ha!" mbele yake. Mara ya pili wakawa kumi. Mara ya tatu uwanja mzima. Kila "tukubali" iliyotoka kwenye spika ilikuta "Ha!" imeitangulia, kwa kimo kilekile, mahali palepale palipokuwa pamekatwa, na wimbo wa kampuni ukawa unapiga kelele juu ya gari la kampuni: Hatukubali kuhama! Hatukubali kuhama! Kijana wao wa mitambo aliongeza sauti, akidhani atawafunika. Akawasaidia tu. Mwishoni bwana mmoja wa kampuni, mwenye miwani, alinyoosha mkono mwenyewe akang'oa waya.

Sitawadanganya kwamba walishinda yote. Vipande vya karibu na barabara vilichukuliwa, na familia nyingine zilihama zikilia. Lakini chini, upande wa mfereji, kampuni haikufika, na Mama Skolastika analima hapo mpaka leo.

Shefu wa Ufundi nilikutana naye sokoni miezi baadaye, bila koti lake. Alinisimamisha karibu na wauza samaki. "Wale wamama wa Lubarika," akasema, "waliunganisha ile 'ha' vizuri. Sikusikia hata pa kujikwaa." Alitaka nicheke. Sikucheka. Nilimgeukia muuza samaki, nikauliza bei ya mikeke, nikaenda zangu.

Baada ya hapo milango ilifungwa kwa muda. Waliokuwa wakiniita "fundi" wakaanza kuniita "matatizo." Aliyenipokea alikuwa Mtayarishaji wa studio moja ya nyimbo za kwaya, mtu mwoga lakini mwenye masikio. Siku ya kwanza Mwalimu wa kwaya aliposikia kayamba langu akauliza limetengenezwa na nini.

"Ndagala," nikamwambia.

"Ndagala kanisani?"

"Nani njo aliziumba?"

Mtayarishaji akajificha nyuma ya kioo cha studio. Kwaya ikaimba, na ile kazi ikapendwa. Nilikaa studio ile mpaka sikio la kushoto lilipoanza kuniacha. Daktari akaniambia nipumzike na kaski, nami, kwa mara moja maishani mwangu, nikatii nusu. Nilistaafu mshahara. Mashine sikustaafu. Siku hizi naweka kiganja juu ya spika, na mfupa wa mkono unanieleza kile ambacho sikio linaficha.

Ninyi vijana mnaniambia sasa kuna programu inayotengeneza sauti ya mtu bila mtu mwenyewe kufungua kinywa. Mnaniambia ni maendeleo. Labda. Mimi nauliza swali langu lilelile la kizee: huyo mtu, mlimwendea? Alisikia kabla ya wengine? Aliposema shusha, mlishusha? Kuchukua sauti ni rahisi, hata jogoo hatakushitaki. Ugumu uko kwenye kurudi na kazi mkononi mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Asiyetaka kutembea njia hiyo asiniite mwalimu.

Kwa maana nafundisha. Uani kwangu, wasichana watano na mwanaume mmoja mfanyakazi wa karakana, saa za mchana wakati umeme ukiwepo. Juma lililopita Shefu wa mtaa, mkuu wa serikali hapa kwetu, alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema kelele zimezidi.

"Uko na ruhusa ya kufundisha hii mambo, Mama Furaha?"

Nilisimama kama inavyopasa, nikamsalimu. "Minye pia niko na ombi, Shefu," nikasema. "Uko na sauti nzuri, ya kifua. Ninaomba ruhusa ya kuirekodi."

Akashtuka, akaitazama mikro kana kwamba ni nyoka. "Hapana! Sikubali."

Wanafunzi wote walinitazama. Nikanyoosha mkono, nikaizima mikro mbele ya macho yake, nikamwonyesha taa imekufa.

"Umekataa, basi," nikamwambia. "Haitachukuliwa hata pumzi yako."

Kisha nikarudi kwa wanafunzi wangu, yeye akiwa bado amesimama pale mlangoni, nikawaambia tuendelee.