Nilivyomwangukia Mama Mkwe Ibadani

Kuna aibu za kusahaulika, halafu kuna zile ambazo hata ukiwa peke yako jikoni unachemsha chai, zikikujia unafumba macho na kusema "Ai!" mpaka watu wa chumba cha pili wanauliza kama umejichoma. Yangu ni ya aina hiyo ya pili, na ilinipata mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa kaptura ya kubana, miguuni pa mama mkwe. Siku hizi naweza kuisimulia kwa sababu yeye mwenyewe ametutangulia, na kila nikimkumbuka, siku hiyo ndiyo hunijia kwanza, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo siku nilimjua.

Mimi ni daktari wa ng'ombe hapa Kitui mjini, na baiskeli ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni. Nililelewa Kanyangi nikibebwa nyuma ya baiskeli nyeusi ya baba, mitungi ya maji ikinigonga magoti huku na huku, baba akipanda kilima amesimama kwenye pedali na kuimba kwa pumzi za kukatika, kwa hivyo nilipoanza kazi kitu cha kwanza kununua hakikuwa kitanda, ilikuwa baiskeli ya mtumba, zile za magurudumu membamba za kukimbia kwa lami. Kila Jumamosi nilitoka na rafiki yangu Salim, mwenye duka la nguo pale mjini (babu yake alikuja kutoka pwani akakataa kurudi, ndiyo maana Kiswahili cha Salim kimepigwa pasi na changu kinatembea kikichechemea).

Sasa, mama mkwe, ambaye sisi wote tulimwita Mwaitu, yaani mama, alikuwa ameugua karibu mwaka mzima, akapasuliwa, tukalia, akapona. Kanisa lake, upande ule wa Kibwezi, likapanga ibada ya shukrani siku ya Jumamosi. Mke wangu Nduku alitangulia Ijumaa, na akiwa anafunga mkoba akaniuliza, "Mutua, wewe utakuja na gari la asubuhi, si ndiyo?"

Hapo ndipo ningesema ndiyo na maisha yaendelee. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, na nyinyi mnaoijua Ukambani mnajua mvua ikinyesha inakuwaje, ile nchi ya vumbi inageuka kijani kwa siku tatu kama mtu aliyesamehewa deni, na Salim alikuwa amenipigia simu akasema tuteremke mpaka daraja la mto Athi, tukae tuyaangalie maji, turudi. Mdomo wangu ukasema kabla sijautuma: "Kuna ng'ombe Migwani, ndama amelala vibaya tumboni, anaweza kuzaa kesho, siwezi kumwacha."

Nduku akaniangalia kidogo. "Basi nitamwambia Mwaitu," akasema, akafunga zipu.

(Migwani iko kaskazini. Daraja liko kusini. Niliichagua Migwani kwa sababu hiyo hiyo, nikajiona mwerevu.)

Asubuhi Salim alikuja na kimkoba mgongoni, suruali na shati ndani, kwa sababu ni mtu wa heshima. Akaniuliza zangu ziko wapi. "Za nini? Tunaenda mtoni, samaki wataniuliza?" Nikapanda baiskeli na ile kaptura nyeusi ya kubana, ile yenye sifongo makalioni, na fulana ya njano inayong'aa kama embe bivu, tukatoka.

Wacha niwaambie, mpaka leo sijaendesha tena siku kama ile. Jua halijawa kali, lami imelala mbele yetu kama utepe, pande zote mbaazi na mahindi, mito ya mchanga ina maji kweli kweli, akina mama wamesimama mashambani wanatupungia majembe. Tulikuwa hatuongei. Unasikia mnyororo tu, na pumzi zako, na kwa mbali jogoo aliyechelewa. Tulipofika darajani tukakaa, tukala ndizi, na kama tungegeuza pale singekuwa na kitu cha kusimulia.

Lakini Salim akaangalia ng'ambo akasema, "Ndugu yangu, milima ya Chyulu inaonekana ukiwa pale juu kilimani. Itakuwa dhambi kurudi bila kuiona."

Nikapiga hesabu. Kanisa la Mwaitu liko baada ya kile kilima, kando ya barabara, lakini ibada imeshaanza, watu wote wamo ndani, milango ya kanisa inaangalia upande mwingine. Nikamwambia Salim twende, na kwa kuwa mteremko wa upande wa pili si wa kuachwa, tutapita pale kama upepo, tugeuzie mbele. Tukapanda. Tukaiona Chyulu, ya buluu, imetulia na mawingu yake, na nakiri machozi yalinilenga, nikamkumbuka baba. Halafu tukaanza kuteremka upande wa pili, mimi mbele, kichwa chini, nikipita kila kitu.

Mambo mawili sikuyajua. Kwanza, watu walikuwa wengi kuliko kanisa, kwa hivyo ibada ilikuwa nje, chini ya hema, hatua chache kutoka barabarani. Pili, tangu nipite huko mara ya mwisho, wenyeji walikuwa wamejenga tuta barabarani ili magari yasigonge mbuzi wao. Tuta lenyewe halikupakwa rangi.

Sikumbuki kupaa. Nakumbuka kutua. Nilipita juu ya ua wa miiba wa kanisa, sehemu yangu ya juu ikapita vizuri, sehemu ya chini ikashikwa, nikasikia kaptura ikichanika *kraaa*, polepole, kwa urefu wote, kisha nikabingirika kwenye nyasi mpaka nikasimamishwa na safu ya viti vya mbele. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Nikainua macho, na mbele yangu nikaona viatu vyeupe, soksi nyeupe, gauni la kitenge, na juu kabisa uso wa Mwaitu.

Sasa nyinyi ambao si Wakamba niwaeleze. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni, heshima ya woga kati ya mtu na mama mkwe wake. Mimi kwa miaka kumi na moja sikuwahi hata kula nikimwangalia usoni yule mama, ukikutana naye kwenye njia nyembamba unapiga kona ukajifanye unakagua mti. Na sasa nilikuwa miguuni pake na upepo unanipiga mahali ambapo upepo haujawahi kunipiga hadharani.

Hakupiga kelele. Alitoa leso begani, akainama taratibu (na mshono wake ule), akanifunika, akasema kwa sauti ya chini, "Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, Mwaitu."

"Unaweza kusimama?"

"Naweza, lakini afadhali nisisimame."

Mchungaji akafika mbio na kipaza sauti mkononi, amesahau hakijazimwa, kwa hivyo hema lote likamsikia akiuliza, "Huyu si ndiye mkwe aliyebaki na ng'ombe Migwani?"

Nikamwona Nduku safu ya pili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma, alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyefungua barua akakuta ndani hakuna kitu.

Mwaitu akachukua kipaza sauti. "Ndiye," akasema. "Bwana asifiwe! Ng'ombe amezaa salama, na kwa kuwa gari la asubuhi lilishaondoka, mwanangu amepanda baiskeli kutoka Kitui yote mpaka hapa, aje amshukuru Mungu pamoja nami."

Wueh! Vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Nikainuliwa, leso kiunoni, goti linavuja damu, nikawekwa kiti cha mbele, nikaombwa nitoe ushuhuda. Na mimi, badala ya kusema ukweli na mlango umefunguliwa, nikasimulia jinsi nilivyomgeuza ndama tumboni. Mzee mmoja wa kanisa, jina lake Muthama, mfugaji, akauliza kutoka nyuma, "Ni wa kike ama dume?" Nikasema wa kike. Wakamwombea ndama. Wakamwombea na mama yake. Salim alikuwa amesimama langoni na baiskeli mbili, akiangalia mbingu.

Baada ya kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na nyama, Mwaitu aliniita kando, nikiwa sasa ndani ya suruali ya Salim (fupi, inaishia juu ya vifundo). Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni, nami sikuwa na mti wa kukagua.

"Mutua, mimi nimefuga ng'ombe tangu nikiwa msichana," akasema. "Mtu aliyetoka kuzalisha hanuki jasho peke yake."

Nikaivuta ile suruali ifike vifundoni.

"Kama ungeniambia unaenda kuendesha baiskeli, ningekuombea barabara. Hilo tu. Nilikuwa nimekuwekea kiti."

Afadhali angenichapa. Nduku hakuongea na mimi siku nne, na ya tano akasema tu, "Siku ile ulikuwa umefika. Ulikuwa umefika kabisa, na hukuwa umekuja."

Na uongo ukishaombewa haufi haraka. Kila nikienda kule Mzee Muthama alikuwa ananiuliza ndama wa Migwani anaendeleaje, nami nikawa namkuza, akaachishwa kunyonya, akapandwa, mwaka mmoja nikachanganyikiwa nikasema amezaa mapacha. Mwaitu alikuwa akisikia anainamisha kichwa na kumenya viazi kwa bidii.

Alituacha mwaka juzi, usingizini, miaka mingi baada ya ule upasuaji. Kwenye mazishi wakwe tulipewa dakika za kuongea, na nilikuwa nimeandika maneno mazuri, lakini nilipofungua mdomo nikasema, "Hakukuwa na ng'ombe." Nikawaeleza yote, mto, kilima, Chyulu, na vile alinifunika mbele ya watu wote akijua. Nilipomaliza, Mchungaji aliangalia viatu vyake.

Halafu Mzee Muthama, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumtupa, akauliza kwa sauti kubwa, "Sasa wale mapacha?"

Nduku ndiye alianza kucheka. Alikuwa hajacheka wiki nzima, alicheka mpaka akanishika mkono, na mazishi yote yakacheka naye.

Bado naendesha baiskeli Jumamosi, goti likiruhusu. Lakini niliapa pale kando ya kaburi na sijavunja: ng'ombe naweza kumdanganya kwamba sindano haiumi, mtu aliyeniwekea kiti, hapana.