Makovu ya Samli

“Samli, Theodora. Samli ya mama uliyokuwa unaiba jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushikia mlango, au umesahau?”

“Punguza sauti, dada.”

“Sipunguzi. Chungu kipo motoni, wewe unachovya mkono uliolowa maji, samli ikaruka ikakupata uso mzima. Hiyo ndiyo ndui yako. Nenda kwa Balozi ukamwambie hivyo hivyo, kabla hujaingia kwenye lile ghala ukatuletea msiba.”

Theodora alikuwa amechuchumaa chini ya upenu, ngata kichwani, mtungi wa maji mbele yake. Hakuwa akipumzika. Tangu kulipopambazuka alikuwa akiushika mtungi ule autwike, kisha akiuachia. Dada yake Marietha alisimama mbele yake, mikono kiunoni, matone ya mvua yakimpiga mgongoni asiyasikie.

Makovu yale Theodora alikuwa ameyalisha miaka mingi, nayo yakanenepa. Mwanzo alisema ni ndui kwa sababu ni aibu msichana kujulikana mwizi wa samli. Watu wakamhurumia, akaona kumbe huruma ni tamu kuliko samli yenyewe. Kufikia siku anaolewa na Gaspari, Ndui alikuwa bibi kizee mwenye gunia begani aliyepiga hodi usiku, akaingia kitanda kimoja na Theodora, wakashikana mieleka mpaka nyumba ikahama kutoka ng'ambo hii ya kijito hadi ile, na mwisho Ndui mwenyewe akaomba maji ya kunywa, akaondoka akichechemea. Hadithi hiyo aliitoa kisimani, akaitoa kilabuni anapouza pombe yake ya mtama, na matangani akaitoa pia, wafiwa wakasahau kulia. Gaspari, aliyekuwa akifanya kazi ya reli kule Itigi na kuonekana nyumbani wakati wa mavuno tu, aliwaambia wenzake kwamba mke wake ni chuma. Kijiji chetu chote cha Ulemo kilicheka na chote kiliamini, maana mtu anaweza kukicheka kitu na bado akakiamini.

Kisha ukaja mwaka ule wa mwanzo wa vijiji vya ujamaa, watu wakawa barabarani kila siku, wengine wakihama, wengine wakitafuta pa kuhamia. Wakafika watatu kwa miguu: mume, mke na kikongwe mmoja. Lugha yao hakuna aliyeijua, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu. Walianza kwa homa. Vipele vilipotoka, Balozi Alute, mkuu wa nyumba zetu kumi, akawaweka kwenye ghala kuukuu la pamba, ng'ambo ya shamba la Theodora, akatuma mtu Kiomboi kuita gari la chanjo. Mvua ikafunga barabara.

Desturi ilikuwa inajulikana. Mgonjwa wa ndui hulishwa na mwenye makovu, kwa kuwa Ndui hapigi hodi mara mbili kwenye nyumba moja. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya mzee Ignas, naye alikuwa ameshazikwa. Balozi akauliza mkutanoni nani amebaki. Hakuna aliyetaja jina. Waligeuza shingo tu, wote, wakamtazama Theodora. Ulimi uliohamisha nyumba, siku hiyo haukuweza kuyavuka meno.

Jana alikwenda. Alifika karibu na ghala, harufu ikatoka kumlaki, akautua mtungi katikati ya njia akakimbia mpaka ngata ikamponyoka. Asubuhi hii mbuzi walionekana pale wakilamba tope, mtungi ule wa jana umepinduka. Wale watatu hawakupata hata tone.

“Watoto nimeshawapeleka kwangu,” Marietha alisema. “Ukiingia mle, usije kuwatazama. Nitakufungia mlango mimi mwenyewe, damu moja na wewe.”

“Najua.”

“Wale wana nini na wewe? Hata jina lako hawalijui.”

“Na mimi silijui lao.”

“Basi mko sawa, kila mtu abaki kwake. Kitabu kinasema mpende jirani yako kama nafsi yako. Kama. Hakikusema kuliko.”

“Dada, wewe ibadani huwa unasinzia. Neno hilo moja tu ndilo ulilolisikia?”

Marietha hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mdogo wake.

“Wala usiniambie hiyo ni sadaka. Mtoa sadaka hutoa kwa kupenda. Wewe unakwenda kwa kuogopa kuchekwa kilabuni. Utakufa kwa ajili ya uongo, uwaache wanao na uongo.”

Hapo palimchoma. Theodora alijishika uso, vidole vikapita juu ya vile vishimo kimoja kimoja.

“Ni kweli,” alisema. “Naogopa kuchekwa. Na ndui naiogopa zaidi. Usiku kucha nilikuwa nikijipapasa kama kimetoka kipele. Lakini nikisema ni samli, nani atawanywesha?”

“Chanjo itafika.”

“Lini?”

“Mvua ikikatika.”

Wakaisikiliza mvua wote wawili. Ilikuwa ikinyesha kwa raha zake.

“Mwenye kiu hamuulizi mbeba maji kama ni mwongo,” Theodora alisema polepole.

“Na ndui pia haiulizi.”

Theodora aliusogeza mtungi pembeni. Aliwaza wanawe wakiitwa mayatima, akamwaza Gaspari akishuka kwenye basi na mzigo wake, akikuta kaburi. Akavua ngata, akaiweka chini.

“Haya. Nitamwambia Balozi.”

Marietha akashusha pumzi, akaketi kando yake kwa mara ya kwanza tangu afike. “Utasema vipi?”

“Nitasema hivi: ndugu zangu, haikuwa ndui, ilikuwa ni sam...”

Miiba ya lango ikasogezwa.

Aliyeingia alikuwa mke yule wa ghalani, amejifunga kaniki mpaka chini ya macho, na paji lote la uso lilikuwa limejaa vipele hata sindano isingepata pa kukaa. Mkononi ana kopo. Marietha alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Lakini yule mgeni hakusogea karibu. Alipowaona tu, aliinua kiganja kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage nyoka, kwamba kaeni huko huko. Akalitua kopo langoni. Akarudi nyuma, akarudi tena, akaketi kwenye tope, akawapa mgongo ili pumzi yake isiwafikie.

Theodora akanyanyuka na mtungi. Miguu ilikuwa imeshaelekea langoni.

“Theodora, usi...” Marietha alianza, lakini maji yalikuwa yameshaanza kumiminika koponi.