Samaki Kabla ya Filimbi

Vijana wanaosomea mazoezi ya viungo huniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia jua likiwa limeshazama: "Dada, ukiacha gym, kazi ziko wapi?" Huwa siwajibu haraka. Huwasimulia habari ya samaki.

Nilirudi Mbinga baada ya gym niliyokuwa nikifundisha Dar es Salaam kufungwa. Kazi yangu kule ilikuwa kusimama pembeni ya mtu mmoja, kumhesabia, kumsifia na kumkataza kushika simu. Nikadhani nitaifanya hivyohivyo nyumbani. Nikabandika tangazo dukani: mwalimu binafsi wa mazoezi. Jirani yetu, mama anayelima kahawa kwenye mteremko ambao mimi huupanda nikiwa nimeshika magoti, alilisoma mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kama unatafuta watu wa kutoa jasho, kesho nachimba ngolo. Njoo na wateja wako."

Ngolo ni yale mashimo tunayochimba shambani huku milimani ili mvua isibebe udongo. Aliyeshinda kutwa akiyachimba hahitaji kunyanyua vyuma jioni. Mteja wangu pekee akawa mtumishi wa halmashauri aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, naye masika yalipoanza alinitumia ujumbe kwamba tumbo lake lilikuwa limepungua vya kutosha.

Mama yangu akaanza kulitazama sanduku langu. "Rudi tu mjini," aliniambia. "Huku elimu yako haina pa kukaa."

Lakini sikutaka kurudi. Nilitaka kuishi hapa na kufanya nilichosomea, vyote viwili. Nikaanza kubisha hodi. Siku za kupima watoto uzito nilikwenda zahanati kumsaidia muuguzi kuwaonyesha akina mama namna ya kupika uji wa lishe. Walimu wastaafu wenye presha niliwanyoosha migongo kwenye ukumbi wa parokia, nao walinilipa kwa ndizi na baraka. Polepole nikaona kwamba mazoezi ni chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Jiko ni chumba kingine, na zahanati na shule navyo vimo.

Chumba cha shule nilifunguliwa na Sista, mkuu wa sekondari moja ya wasichana huku juu. Hakuufungua mlango wote.

"Sihitaji mtu wa kuwakimbiza," alisema. "Kengele ya chakula ikilia wanakimbia wenyewe. Nataka mtu wa kunieleza kwa nini wanachoka."

Alinichukua kwa majaribio, mpaka mechi ya netiboli ya ziwani. Kila mwaka timu yake iliteremka kucheza na shule moja ya upande wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, na kila mwaka ilifungwa kule. Wale wale wakipanda kuja kwetu, tunawafunga bila taabu.

"Tatua fumbo hilo, nami nitaiambia bodi kwamba shule inakuhitaji," Sista alisema. "Ukishindwa, nitakuombea safari njema ya Dar."

Nilianzia jikoni. Niliwaeleza wapishi kwamba uji mweupe wa mahindi matupu ni kama moto wa mabua: unawaka vizuri, halafu ukigeuka umekwisha. Karanga na maharage ndiyo magogo. Wapishi walinielewa kuliko nilivyotarajia, maana moto ndiyo kazi yao. Baada ya muda wasichana wakaacha kusinzia kipindi cha mwisho. Lakini fumbo la ziwani lilikuwa palepale, kwa hiyo nikawakalisha wachezaji na kuwauliza.

"Ni joto, dada."

"Ni jua la kule. Linawajua wenyeji wake."

Mfungaji wetu, msichana mrefu wa Mpepai, alikuwa akichezea kamba za viatu. "Dada, niseme ukweli? Huwa tumeshiba."

Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakaanza kukumbuka wote kwa pamoja. Wakifika tu, kabla ya mechi, mama mkuu wa jiko la kule huwaandalia ugali wa muhogo na mbasa, yule samaki mkubwa wa ziwani, mnono, na mchuzi wa nyanya. Na huwezi kubakiza. Anasimama mlangoni anauliza, "Mnaringa?"

Niliwaeleza taratibu. Tumbo likijaa linadai damu nyingi ya kusaga chakula, na miguu nayo inadai. Damu ni ile ile. Vikigombana, tumbo hushinda.

"Basi mle kidogo tu," nikasema.

Wakanitazama kwa huruma. Kila mmoja alikuwa amelelewa kama mimi: kumwachia mwenyeji chakula kwenye sahani ni kumtukana. Nikampigia simu yule mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwomba chakula kiwe baada ya mechi.

"Mgeni atoke mlimani, aingie uwanjani na njaa, mimi nikiwepo?" alisema. "Watu wataniita nani?"

Siku ya mechi tuliteremka zile kona mpaka ziwa likatokea chini yetu, na harufu ya mbasa ikatupokea kabla ya mtu yeyote. Meza zilikuwa tayari. Timu ya wenyeji ilisimama kando, wamevaa jezi zao, wepesi kama swala, wakitutazama. Mwalimu wao wa michezo alikuwa akitabasamu sana. Wasichana wangu walinawa mikono wakinitupia macho, nami akilini nililiona sanduku langu limeshafungwa kamba.

Hapo ndipo nikakumbuka desturi nyingine, kongwe kama ile ya kutobakiza.

"Mama," nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "kwetu mgeni hali peke yake. Mwenyeji asipokula naye, anaanza kujiuliza kuna nini ndani ya mchuzi."

Yule mama alishika kiuno. "We mtoto wa kahawa! Unasema nimewatilia dawa?"

"Sijasema mimi, mama. Miguu yao ya mwaka jana ndiyo iliyosema."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Maneno hayo! Haya, wanangu, njooni mkae, mle na wenzenu."

"Hapana, mama!" mwalimu wa michezo alimaka. "Hawa wana mechi!"

Mama akamgeukia polepole, mwiko mkononi.

"Na hawa wengine wana nini? Ubatizo?"

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe unajua," mama akasema. "Miaka yote hii mimi napika kwa upendo, wewe unafungia magoli kwa ugali wangu! Kaeni wote. Na wewe mwalimu, kaa. Na leo hakuna wa kubakiza."

Tukala, sote. Sijawahi kuona mechi kama ile. Mpira uliruka juu, wachezaji wakaufuata kwa macho. Mlinzi wao alipiga mwayo mikono ikiwa hewani, na mfungaji wetu akashindwa kutumia nafasi hiyo kwa sababu yeye naye alikuwa akipiga. Watazamaji walicheka hadi mwamuzi akasahau filimbi mdomoni. Tukatoka sare.

Mwalimu wao alinifuata, ameshika tumbo. "Dada, umeniweza," alisema. "Siku moja njoo uwaeleze na wangu mambo haya." Mama wa jiko, akisikia hayo, akatangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata sufuria lake halitafunuliwa kabla ya filimbi ya mwisho. Kisha akanifungia mbasa aliyekaushwa. "Mpelekee Sista wenu. Mwambie sikutia dawa."

Sista alikuwa akitungoja getini. "Mmeshinda?"

"Hapana, Sista. Sare."

"Sare? Kule kule?" Akanishika mkono mpaka ofisini, nikamsimulia yote, hata mama yangu anavyolitazama sanduku langu, huku akifungua kifurushi. Alimega kipande, akatafuna akiangalia dari. Akamega cha pili. Mimi nilisimama nikingoja, maana hilo la bodi alikuwa hajalitaja, na sare si ushindi.

Alipofika kwenye mifupa ndipo akaniangalia.

"Sasa naelewa kwa nini tulikuwa tunafungwa," alisema, akilamba kidole. "Kamwambie mama yako alifungue hilo sanduku. Bodi niachie mimi."