Usingizi wa Mtahini

Shemeji yangu, mume wa dada, kazi yake ni kuwatahini watu wanaotafuta leseni ya udereva. Hukaa kiti cha abiria, kalamu mkononi, akamwambia mtu kata kulia, kata kushoto, rudi nyuma, simama hapo. Amewafelisha wengi kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. Nyumbani na mtaani tunamwita Mtahini, na yeye huitika.

Nusu ya mwezi hutahini hapa mjini. Nusu nyingine huzungukia miji ya mbali, na huko hulala gesti. Hapo ndipo ugomvi wake na usingizi ulipoanzia. Nyumbani alilala fofofo, safarini hakupata hata lepe. Kwa akili za mtu aliyezoea kutoa maksi, aliamua kwamba vitanda vyote vya wageni vimefeli.

Mimi ni fundi cherehani wa mapazia na mashuka, kwa hiyo matatizo ya Mtahini yalikuwa yakiishia kwenye meza yangu ya kukatia. Nilimshonea mto wa kusafiri nao, kwanza wa pamba, halafu wa sufi, halafu wa vipande vya sponji, kwa sababu wa pamba ulikuwa na joto na wa sufi ulikuwa na maoni yake. Nilimshonea kitambaa cheusi cha kufunga macho, akawa anaonekana kama mateka mtiifu. Nilimshonea pazia jeusi la kubeba begini, akawa analibana kwenye madirisha ya gesti kwa vibanio vya nguo. Alijaza pamba masikioni. Aliacha chai ya jioni, akaacha kutazama simu kitandani, akawa anaosha miguu kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, kwa kuwa mtu fulani kwenye foleni ya benki alimwambia usingizi huingilia miguuni. Akifika mapokezi aliomba chumba kilicho mbali na baa, mbali na jenereta na mbali na ngazi, yaani aliomba nyumba nyingine.

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Mimi niliacha chai ya jioni nikaona faida. Yeye hakuona. Alirudi safarini macho mekundu, kichwa kinamgonga, akajitupa kitandani kwake, na baada ya siku mbili tatu akawa mtu tena.

"Unaona?" alimwambia dada. "Ni kitanda."

Dada alikuwa anasinzia. Dada alisinzia kila mahali. Alisinzia akichambua mboga, alisinzia akingoja maji yachemke, alisinzia kwenye harusi ya binti yake wa kumzaa, amekaa safu ya mbele, kwa heshima zote. Ukoo mzima ulijua kwamba Mtahini anateswa na kukosa usingizi na dada anateswa na kuupenda. Mama mkwe wake aliwahi kumuuliza mbele za watu kama anaumwa au ndivyo alivyolelewa. Juu ya hayo alikuwa na kiwiko cha kulia kisichopona. Zahanati walisema ni kufua, wakampa dawa ya kuchua.

Mambo yaliharibika siku ya muuza maziwa. Huyu alikuwa mtu mpole, amekuja kutahiniwa katika mji mmoja wa mbali, na Mtahini alikuwa ametoka kulala gesti, au tuseme kutolala. Alipanda garini, akafunga mkanda, akamwambia, "Nenda moja kwa moja mpaka nikuambie." Kisha akalala.

Muuza maziwa akaenda moja kwa moja. Alipita soko, akatoka mjini, akavuka daraja, akapita mashamba ya watu, kwa mwendo unaoruhusiwa, akiwapisha wenye haki ya kupita. Alidhani ule usingizi ni sehemu ya mtihani. Askari waliwasimamisha mji uliofuata, na kwa kuwa mji huo una mtahini wake, yeye ndiye aliyeitwa kuja kumwamsha mwenzake.

Muuza maziwa alipewa leseni. Hakuna aliyeweza kusema hakufuata maelekezo.

Mtahini alipewa likizo ya mwezi. Mkuu wake alimwambia, "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini siku nyingine dereva hatakuwa kama yule. Nenda katafute usingizi. Ukirudi hivi hivi, muhuri uache hapa mezani." Mtahini hajui kazi nyingine. Dada aliniambia kwamba jioni ile alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, akasema anaogopa. Katika ndoa yao yote dada hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Likizo ile aliitumia kama mtu anayejiandaa na mtihani. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama shida ni ugeni, basi atafanya mazoezi ya ugeni hapo hapo nyumbani. Akahamia chumba cha watoto, ambao walishaoa na kuolewa, akaweka begi nyuma ya mlango na sabuni ndogo ya gesti kwenye kisahani. Asubuhi alitoka humo amechoka kuliko alivyoingia. Akasema ni mwanga. Nikaitwa kutundika pazia.

Nilipanda stuli. Stuli ile ilikuwa na mguu mmoja mbovu, na tangu siku hiyo tukawa wawili. Nilifungwa plasta mpaka juu ya goti, nikalazwa chumba kile kile, gizani, chini ya kazi ya mikono yangu. Mtahini alirudi kwa mkewe na hali yake ikawa nafuu tena. Akaja kunijulia hali.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Lakini angalau tumejua kuwa si pazia."

Nilimwomba Mungu anipe subira, maana gongo langu la kutembelea lilikuwa karibu.

Dada ndiye aliyeniuguza. Siku moja baada ya chakula cha mchana aliniletea dawa, akasema atajinyoosha kidogo kando yangu, na kabla hajalimaliza hilo "kidogo" alikuwa amelala kama pono. Mimi usingizi sikuwa nao, mguu ulikuwa unawasha ndani ya plasta mahali ambapo hata sindano ya kufumia haifiki. Nilikuwa nimelala chali, natazama dari, mara nikapigwa kiwiko cha mbavu.

Nilidhani ni bahati mbaya, nikasogea. Baada ya muda kikaja cha pili, mahali pale pale. Nikamgeukia. Macho ameyafumba, mdomo umelegea, yuko mbali kabisa. Kikaja cha tatu, na safari hii kilikuja na maneno.

"Pumua, baba," dada alisema usingizini. "Geuka. Pumua."

Mimi napumua kimyakimya, ndivyo nilivyo. Nikajaribu kukoroma, kwa kujilazimisha, kama mtu anayemdanganya mtoto kwamba amelala. Dada akashusha pumzi, mkono ukalegea. Nikanyamaza. Kiwiko kikarudi. Nikakoroma, akatulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: nililala kando ya dada yangu mchana mmoja tu nikajua alichokuwa akikesha nacho miaka yote huku watu wakimwita mvivu. Nikaendelea kukoroma mpaka alasiri ili apumzike.

Alipoamka nilimuuliza kama humpiga mumewe usiku.

"Nimpige kwa kosa gani?"

"Kwa kiwiko."

"Mdogo wangu, mimi nikilala nimelala. Muulize mama mkwe."

Jioni nilimwomba Mtahini anyanyue shati. Akakataa, mimi ni shemeji yake, haki yake. Dada akaingia naye chumbani, akamtazama mbavu za kushoto kwenye taa, na nikawasikia kupitia ukutani.

"Huu wekundu wa nini?"

"Mkanda wa gari huo."

"Uko likizo," dada alisema.

Nikawaita, nikawasimulia yale ya "Pumua, baba." Kesho yake wakaenda hospitali. Huko Mtahini alilazwa usiku mmoja, amebandikwa nyaya kichwani na kifuani, na siku ya majibu nikajikongoja nao mpaka chumba cha daktari. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alieleza kwamba Mtahini akilala, koo hujifunga na pumzi hukatika. Mwili hushtuka, huvuta hewa, kisha koo hujifunga tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala chumba chochote, mto wowote, na asipumzike, na moyo nao huchoka. Akilala ubavu hupata nafuu, akilala chali hali huwa mbaya.

"Nyumbani nani humgeuza?" daktari aliuliza.

Wote tukamtazama dada. Dada alikuwa amesinzia kwenye kiti.

Mtahini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ni yeye," alisema. "Miaka yote hii ni yeye, na mimi nilikuwa nasifu godoro." Akaanza kujipekua mifukoni kama aliyepoteza funguo. Nilikuwa bado nina hasira naye kwa ajili ya mguu wangu. Hasira ile ilinitoka mle ndani na sikuweza kuirudisha, ingawa nilijaribu.

Alipewa mashine ndogo ya kupuliza hewa, yenye bomba na barakoa ya kuvaa puani. Inaingia begini, na gesti yoyote yenye umeme inafaa. Siku za kwanza aliilalamikia asubuhi na jioni, halafu akaanza kuamka macho meupe, akala vizuri, akatoa vichekesho virefu ambavyo hatukujua kuwa anavyo. Aliyepata taabu ni dada. Kimya kilimwamsha. Alikuwa akipeleka kiganja kifuani kwa mumewe, anakikuta kinapanda na kushuka, anarudi kulala, kisha anaamka tena kuhakikisha. Ilichukua karibu likizo yote iliyobaki mpaka ule mkono ukakubali kutulia mahali pake.

Siku ya Mtahini kurudi kazini, gari la ofisi lilikuja kumchukua asubuhi. Ni pikapu kuukuu, bomba la moshi limetoboka, unaisikia ikiwa bado mtaa wa pili. Mimi nilikuwa dirishani na magongo yangu. Mtahini alitoka na soksi tupu, akaufikia mkono wa dereva kabla haujafika kwenye honi.

"Zima."

"Tumechelewa, mzee."

"Zima gari. Mke wangu amelala."

Dereva akazima. "Sasa ataamka saa ngapi?"

"Hilo halituhusu."

"Nikiwasha tena si ndiyo yale yale?"

Mtahini alilitazama lile gari, akaitazama njia mpaka inakoishia. Akarudi ndani akinyata, akavaa viatu, akatoka na begi na mashine, akaviweka kwenye kiti. Kisha mtahini wa madereva, na sare yake, siku ya kwanza kazini baada ya mwezi mzima, akazunguka nyuma ya pikapu, akaweka mabega, akaanza kusukuma. Dereva alisukumia mlangoni huku ameshika usukani. Majirani walitoka kutoa msaada wakanyamazishwa kwa kidole. Walisukuma mpaka barabara kuu, na huko mbali nikaisikia inawaka.

Dada aliamka jua likiwa utosini. Alikuja sebuleni na alama za shuka shavuni, akaniuliza kama mumewe amefukuzwa kazi, maana hakusikia gari. Nikamweleza walivyolisukuma. Alisimama pale akalia kidogo, bila kujifuta, halafu akauliza kama kuna kazi yoyote inayomngoja.

Chai ilikuwa haijapikwa, na dawa yangu ya asubuhi ilikuwa juu ya kabati nisikofika. Nikamwambia hakuna, na akarudi kulala.