Swali Nililomuuliza Momade

Asubuhi ile nilikuwa nagombana na mhudumu wa usafi kuhusu ndoo. Alikuwa amechukua ndoo ya maabara akaenda kufulia mashuka ya wodi ya wazazi, nami nilikuwa na wajawazito kumi na wawili kwenye benchi wanasubiri kupimwa wingi wa damu. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Vidole vya wale akina mama vilikuwa vimekauka kwa utomvu wa mabibo, na ilinibidi nitoboe mara mbili ndipo tone litoke.

Nilikuwa mtaalamu pekee wa maabara katika kituo chetu cha afya, mwendo wa robo saa kwa pikipiki kutoka mto Ruvuma. Mimi ni mtu wa Mpapura, na watu wa pale kituoni waliniita dokta, kama walivyomwita kila mtu aliyevaa koti jeupe.

Mishindo tuliisikia kabla ya saa nne. Mjamzito mmoja, mwenyeji wa ng'ambo ya mto, alinyanyuka kwenye benchi na kuanza kufunga kanga yake vizuri. Alikuwa ameshawahi kuisikia sauti ile. Sisi wengine tulidhani ni wachimba barabara.

Nusu saa baadaye majeruhi wa kwanza wakafika. Watu wenye silaha walikuwa wamevuka mto na kuingia kijiji cha ukingoni. Walichoma nyumba. Walipiga risasi waliokimbia.

Atija aliletwa akiwa wa nne, amelazwa kwenye mlango uliong'olewa. Risasi ilikuwa imempita pajani. Aliyemshika mguu, mikono yote miwili imezama kwenye kitambaa chenye damu, alikuwa kaka yake, Momade. Niliwafahamu kidogo. Walikimbia vita ng'ambo miaka miwili kabla, wao na mama yao na mdogo wao Zainabu, wakapewa shamba la mihogo walime kijijini pale.

Wodi ilikuwa imejaa. Atija akalazwa kwenye korido, mbele ya mlango wa maabara.

"Damu," tabibu akaniambia. "Haraka. Naweza kuufunga mshipa, lakini bila damu hatatoka hai chumba cha upasuaji."

Kundi lake lilikuwa O. Jokofuni nilikuwa na chupa tatu za O, nikaona tumepona. Nikachanganya maji ya damu yake na chembe za chupa ya kwanza, nikapasha joto, nikazungusha, nikatazama kwenye mwanga.

Chembe zilikuwa zimeshikamana, maana yake damu hizo mbili hazipatani.

Chupa ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Watu wengi wanadhani kundi likishalingana basi mambo yamekwisha. Lakini juu ya chembe nyekundu kuna alama nyingine nyingi, tunaziita antijeni, na kila mtu ana zake. Mwili ukiingiziwa damu yenye alama usizozijua, unaweza kutengeneza kingamwili za kuzishambulia, na ukazikumbuka kwa miaka. Nikamuuliza Momade kama dada yake aliwahi kuongezewa damu. Akasema ndiyo, ng'ambo, mara mbili, kila alipojifungua. Kumwekea chupa zile kungekuwa kumuua kwa mkono wangu.

Tulipiga simu Mtwara. Wakasema damu ipo, ila barabara imefungwa na askari na hakuna gari litakaloruhusiwa kabla ya alasiri.

Atija hakuwa na alasiri.

"Chukua ya kwangu," Momade alisema. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati. "Mie na Atija mama mmoja, baba mmoja."

Alisema kweli. Ndugu wa mama mmoja na baba mmoja ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kufanana alama. Nilimpima. Kundi O. Nikalinganisha na ya Atija, ikatulia laini, hakuna kilichoshikamana. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Kisha nikatazama vipimo vya haraka, na kwenye kile cha homa ya ini kulikuwa na mistari miwili.

Nikarudia. Mistari miwili.

"Siwezi kuichukua," nilimwambia. "Una virusi vya homa ya ini." Nilisema kwa sauti ya kawaida, na korido nzima ikasikia. Hilo nalo silisahau. Mtu huambiwa jambo kama hilo mlango ukiwa umefungwa, akiwa amekaa.

"Mie siumwi, dokta."

"Unaweza kuwa nao usiumwe. Lakini ukimpa, naye ataupata."

"Ataumwa kesho. Leo aishi."

Nikauliza swali ambalo mtu yeyote wa kazi yangu angeuliza.

"Kuna ndugu mwingine wa mama na baba?"

Alinitazama. "Zainabu. Wamejificha kwenye mihogo, yeye na mama."

Akatoka. Nilisikia akimwita mwenye bodaboda, kisha pikipiki ikiwaka.

Nilipima watu kumi na wanne pale koridoni. Mmoja alikuwa amemaliza dawa ya malaria wiki ile. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Hao hawaruhusiwi kutoa. Waliobaki ama kundi halikuwa la Atija, ama chembe zao zilishikamana.

Zainabu alifika saa saba kasoro, nyuma ya mwenye bodaboda, na mama yao amekaa nyuma yake, miguu imejaa tope. Kanga ya Zainabu ilikuwa imelowa chapachapa kwa maji ya bondeni. Nikamvisha shuka kavu ndipo nikampandisha mizani: kilo hamsini kamili, kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Vipimo vyote safi. Damu yake ilitulia laini na ya dada yake.

Nikamtoa chupa moja tu. Tabibu akaufunga mshipa. Atija akaishi.

"Momade yuko wapi?" nilimuuliza Zainabu huku nikimbandika pamba.

"Pikipiki haikutosha. Amesema anakuja nyuma kwa miguu."

Mwili wake waliukuta siku ya pili yake, kwenye njia ya mashambani.

Miaka imepita. Sasa nafanya kazi mjini, na Atija huja kuniona akiwa na safari. Nilimwandikia kadi ya kingamwili zake, aionyeshe kila hospitali. Mwaka jana, mlango ukiwa umefungwa, nilimwambia nililolibeba muda wote huo: kwamba mimi ndiye niliyemtuma kaka yake. Bila swali langu angebaki pale koridoni.

Aliikunja kadi na kuikunjua.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nimelala pale, nikasikia ukimuuliza. Nilitaka kumwambia asiende. Sauti haikutoka."

"Hukuwa na nguvu, Atija."

"Labda." Akaitazama mikono yake. "Au nilitaka kuishi, dokta. Hata leo sijui."

Nje waliita namba ya mgonjwa aliyefuata. Sikuinuka, naye hakuinuka. Wakaita tena.